Bibi Anayezikwa Kila Asubuhi

Usiku ule nililala nimenuna. Nilitandika godoro langu chini, kando ya kitanda cha mama kama kawaida, nikajifunika kanga mpaka kichwani, na usingizi ulipokuja sikuusikia kwa sababu bado nilikuwa namtukana kaka yangu moyoni. Nilikuwa nimefika kwenye tusi la maana kabisa nilipojikuta nimesimama makumbusho.

Lakini ngoja kwanza niseme tulichogombania, maana ndoto ile bila ugomvi ule haina kichwa wala miguu.

Mama yangu, Bi Tatu, ana ugonjwa wa kusahau. Daktari aliutaja kwa jina lake refu, sisi nyumbani tunasema tu "kichwa cha mama". Yuko hai, anakula, anacheka, anamtukana paka, ila miaka imemchanganyikia. Na kila asubuhi akifumbua macho swali lake ni moja: "Mama yangu yuko wapi?"

Mama yake, bibi yangu Mwantumu, alikufa zamani sana, mama akiwa msichana ambaye hata ungo hajavunja. Mimi sikumwona. Picha hakuacha. Kaburi lenyewe tunalijua kwa kuonyeshwa.

Sasa kaka Shabani. Yeye ndiye mkubwa wetu, nyumba ni yake, na mimi nilirudi hapo baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikakuta kazi ya kumuuguza mama inanisubiri mimi, nisiye tena mke wa mtu. Kaka ana ugonjwa wake naye: hawezi kuona uongo ukapita. Mtoto akisema ameshiba kumbe hajashiba, atahutubiwa. "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, Zuhura." Dini haikumtuma kwenda umbali ule, ni ukaidi wake tu aliouvalisha kanzu. Basi mama akiuliza, kaka anatoa mswaki mdomoni, anajibu pale pale: "Mama, mama yako alikufa."

Na mama anafiwa. Hakumbuki kwamba aliwahi kufiwa. Anafiwa pale pale, upya, msiba mbichi. Anajifunga kanga kiunoni, anakaa sakafuni, anaweka mikono kichwani na kupiga yowe la kutoka tumboni. Halafu anamshika kaka mguu na kumuuliza, "Alikuwa anaumwa? Mbona hamkuniita?" Hiyo "mbona hamkuniita" ndiyo hunikata maini. Kufika saa ya chai habari yenyewe imeshampotea kichwani, anakunywa uji, anacheka. Adhuhuri anauliza tena. Anaambiwa tena. Anafiwa tena.

Mwanzoni majirani walikuja. Mama Hamisi, aliyekuwa amehamia mtaa wetu juzi juzi, aliingia mbio na mzigo wa kuni kichwani, nyuma yake wanawake wawili na sufuria la pilau, wote wanapangusa macho. Walipoambiwa marehemu alizikwa wao hawajazaliwa, walisimama uani wakatazamana. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Wakajitwika kuni zao wakaondoka. Siku hizi mama akilia, watoto wa kichochoroni wanaimba, "Bibi kafa tena! Bibi kafa tena!" Nimewahi kuwamwagia maji ya vyombo, na sijuti.

Ndipo nikasikia habari za makumbusho. Yapo hapa mjini kwetu, madogo tu, kwenye jengo la zamani jirani na stesheni ya treni. Mimi nilijua ni mahali pa wanafunzi na wageni wenye kamera. Kumbe kila Alhamisi asubuhi wanafungua ukumbi mmoja kwa ajili ya watu kama mama, pamoja na sisi tunaowauguza. Msimamizi anaitwa Neema, msichana mwenye kucheka kwingi lakini mkali kama pilipili kichaa. Anatoa vitu makabatini na kuviweka mezani: pasi ya mkaa, mbuzi ya kukunia nazi, redio ya mbao, chetezo, miyaa ya kusukia mikeka. Hakuna kibao cha "usiguse". Meza yake ina sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna kumuuliza mtu "unakumbuka?". Ya pili, hakuna kumsahihisha.

"Mitihani yao walishamaliza," alituambia siku ya kwanza. "Hapa ni kushika tu."

Mama alipopewa ukili, ule utepe wa mkeka, uliosukwa nusu, vidole vyake vilienda vyenyewe. Mama huyu ninayemfunga vifungo vya gauni! Alisuka, na alivyokuwa anasuka akaanza kuongea. "Mama alinifundisha hivi. Nikikosea ananichapa vidole." Mimi roho ikanipaa; nilijua sasa linakuja lile swali. Likaja kweli, "Mama yangu yuko wapi?", na Neema wala hakutikisika. Alivuta kiti akasema, "Hebu nieleze kwanza, ni mtu wa namna gani huyo mama?" Basi mama akaeleza. Bila chozi hata moja. Siku ile ndipo nilipomjua bibi yangu: alitafuna karafuu kutwa, alichechemea mguu wa kushoto, na alichukia mtu anayecheka na chakula mdomoni.

Na sisi wauguzaji tuna zamu yetu. Tunakaa uani na chai ya tangawizi, tunasema tusiyoweza kusema nyumbani. Pale nilisema kwa sauti kwamba kuna siku natamani mama afe nipumzike. Nilidhani watanitemea mate. Mama mmoja anayemuuguza mume wake alinisogezea andazi akasema, "Karibu chamani, mwenzangu." Sijawahi kulia kwa raha kama siku ile.

Wiki moja kabla ya usiku ule wa ndoto, kaka Shabani akatufuata huko. Alitaka kuona ni dawa gani hiyo inayomfanya mama arudi anaimba. Akaingia ukumbini wakati mbaya kuliko wote, mama anamwambia Neema, "Mama yangu anakuja kunichukua," na Neema anamjibu, "Basi ajue umefika wapi na ukili wake, asije akakuchapa."

Kaka akawaka. "Mnamdanganya mama yangu? Mtu mzima mnamdanganya mchana kweupe?"

"Hatumdanganyi, kaka," Neema akasema. "Tunamsikiliza."

"Mama!" Kaka akainama mbele yake. Akapaza sauti, maana anadhani kusahau na uziwi ni ugonjwa mmoja. "Mama yako amekufa! Amekufa!"

Jamani. Meza nzima ilisikia. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori aliangusha redio akauliza, "Nani? Nani amekufa?" Bibi wa pembeni yake akaanza kumlilia mwanawe. Mwingine akamlilia mume ambaye alikuwa amekaa pale pale karibu naye, amemshika mkono. Kila mmoja alichukua lile neno akalipeleka kwake. Ukumbi mzima ukawa msiba, wazee wanapiga mayowe kila mtu na maiti wake, wanafunzi waliokuwa chumba cha pili wakachungulia mlangoni, wengine wanacheka. Na kaka yangu amesimama katikati, mpenzi wa Mungu, anashangaa kumetokea nini.

Aliondoka bila kuomba radhi. Na jioni ya usiku ule, Jumatano, baada ya kula, akatamka: "Kesho hamwendi. Na hamwendi tena. Mama atakaa nyumbani, aambiwe kweli, mpaka kweli imwingie."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia yeye anaondoka asubuhi, anarudi jioni kula, kilio ananiachia mimi. Nilimwambia mama akibaki kwenye nyumba ile bila ile Alhamisi yake, atakufa analia, na mimi nitamfuata. Akasema, "Nyumba ni yangu, Zuhura." Ndiyo nikaenda kulala.

Basi nimesimama makumbusho. Ni ukumbi ule ule wa Alhamisi, ila meza haipo, na mlango wa nyuma unatokea jikoni kwetu. Naona sufuria zangu zimefunikwa. Haikunishangaza. Kwenye ukuta wa mbele palikuwa na kabati la kioo, refu kama chumba, na ndani yake ameketi mwanamke kwenye mkeka, anasuka ukili. Harufu ya karafuu inapenya kwenye kioo. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu kwamba ndiye bibi Mwantumu.

Kilichonitisha si kwamba ni maiti. Kilichonitisha ni kwamba ni mdogo. Ni rika langu, pengine nimemzidi. Shingo yake haina mkunjo. Niliona haya kumwamkia, nikamwamkia hivyo hivyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Zuhura. Mtoto wa Tatu."

"Tatu hana mtoto," akasema, hainui macho. "Tatu ni mtoto."

Ndipo nikaona udongo. Ndani ya kabati mna udongo mwekundu, mbichi, ule unaotolewa kaburini asubuhi, na bibi amekaa ndani yake, umemfika kiunoni. Anapotaka miyaa anaichimba kwa vidole, anaipangusa kwenye nguo yake, anaendelea kusuka. Nataka kumuuliza amekaaje humo, lakini mlango wa jikoni unafunguka.

Mama anaingia. Mama mzee, vile vile alivyo, mvi zake na kanga yake ya kijani, ananusa nusa hewa. Anatembea kando ya kioo, mkono unapapasa. Anapita mbele ya mama yake mzazi, hamwoni. Ananigeukia.

"Mama yangu yuko wapi?"

Nataka kusema huyo hapo, mama, geuka tu. Nafungua mdomo. Sauti inayotoka si yangu. Ni ya kaka Shabani, nzito, tulivu, sauti ya mtu aliyeshiba: "Amekufa."

Na mikono yangu inafanya kazi. Kumbe nimeshika beleshi. Natupa udongo, kioo hakiuzuii, unapita moja kwa moja na kumwangukia bibi mapajani. Bibi anakung'uta ukili. Mama anajifunga kanga, anakaa chini, anapiga yowe lile la kutoka tumboni. "Alikuwa anaumwa? Mbona hamkuniita?" Kisha yowe linakatika ghafla. Anasimama, anajipangusa vumbi, anatabasamu.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Amekufa."

Beleshi. Udongo umefika kifuani. Naikataza mikono yangu, hainisikii. Mama analia, mama anasimama, mama anauliza, nami namjibu, na kila nikijibu nazika. Nyuma yangu pamejaa watu. Mama Hamisi yupo na kuni zake. Wale wazee wa meza wapo, watoto wa kichochoroni wapo, wote wamekaa mkekani wanakula pilau la msiba, wanacheka na chakula mdomoni. Naona bibi anawaangalia midomo yao. Kaka amesimama mbele kwa kanzu nyeupe, na kila beleshi likianguka anasema, "Amina." Watoto wanaitikia, "Bibi kafa tena!"

Hatuko makumbusho sasa. Sijui tulitoka lini. Tuko uani kwetu, mvua inanyesha, mahali pa kamba ya nguo ndipo lilipo kaburi. Bibi amebaki kichwa na mikono miwili. Mikono bado inasuka, ukili umelowa matope, hausukiki, na yeye anausuka. Mama anakuja anaburuta ndara. Amepiga magoti karibu kabisa, goti lake limekanyaga kidole cha bibi, na bibi amekunja uso lakini hakivuti.

"Mama yangu yuko wapi?" mama ananiuliza.

Nikafungua mdomo. Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilikufa mara moja," akasema. "Niliumwa, nikafa, nikazikwa vizuri, watu wakala wakaondoka. Haya mengine mnanifanyia nyinyi."

"Si mimi, bibi," nikalia. "Ni Shabani. Anasema kweli lazima isemwe."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Huyo Shabani amezikwa lini?"

Nikatazama mikono yangu.

"Na beleshi liko kwa nani?"

Lilikuwa kwangu. Nikaliachia. Ni kitu kizito kuliachia kuliko nilivyodhani, mpini uling'ang'ania ngozi ya viganja, ukaondoka nayo. Mama akauliza tena. Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na udongo ukaniingia, nikautafuna, lakini neno halikutoka. Kaka alikuwa anasubiri kusema amina. Alisubiri sana. Watu wakaacha kutafuna. Ikabaki mvua tu.

"Tatu," bibi akaita.

"Abee, mama."

Ni sauti ya mtoto, imetoka kwenye mdomo wa mama yangu usio na meno. Mama amegeuka. Anamwona sasa. Hakulia, hakushangaa, alinuna tu, vile mtoto anavyonuna.

"Umechelewa."

"Nilitoka kidogo. Nimechelewa, kweli."

Wamekaa pamoja, sijui udongo umekwenda wapi. Wanasuka ukili mmoja, kila mtu na upande wake, binti mzee na mama kijana. Bibi anasuka huku anaitazama mikono ya mwanawe, mishipa ilivyotoka, makunyanzi, kidole kinachotetemeka. Anainua mkono, anagusa mvi za mama. Uso wake ukabadilika. Sijawahi kuona mtu kaumizwa vile.

"Nani amemzeesha mwanangu?" akaniuliza. "Nilimwacha na nywele nyeusi. Nani?"

Nilitamani arudi kwenye udongo nisiyaone macho yale. Ndiyo, nilitamani hivyo.

"Chukua salamu," akasema, ukali umemrudia. "Akiniulizia, sema nimetoka, narudi. Mtoto anayesubiri hajafiwa."

"Kaka atasema ni uongo."

"Kwani mimi na Tatu hatutaonana?"

"Mtaonana, bibi."

"Karibu?"

Nikamtazama mama, alivyokonda, alivyoinama juu ya ukili. "Karibu," nikasema.

"Basi uongo uko wapi?"

Ameshaanza kunitoka. Kuta zinarudi, kioo kinarudi, mvua inanyesha ndani ya kioo. Nikapiga goti, nikaushika upindo wa nguo yake. Nilikuwa na langu moja, nimelibeba tangu nilipofunga mizigo yangu kwa mume, na nikasema kwa bibi yangu, labda atanipa hata neno.

"Na mimi, bibi? Nimechoka. Mimi nani ananijua kwenye nyumba ile?"

Alinitazama vizuri, usoni, mikononi, mpaka miguuni. Si kwamba alinichukia. Alinitazama tu.

"Sikujui," akasema. Akarudi kwenye ukili wake.

Niliamka. Kulikuwa kumekucha, adhana ilikuwa imeshapita zamani, mwanga unaingia kwenye mwanya wa dirisha. Sikuwa na raha, lakini nilikuwa na salamu, bado ya moto mdomoni, na nikajua tangu siku nilipoingia nyumba ile hiyo ni asubuhi ya kwanza ninayolingoja swali la mama kwa hamu. Na aje huyo Shabani na mswaki wake. Nilikuwa na jibu lake pia.

Mama alikuwa ameamka, ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini. Nikainuka nikakaa godoroni. Mlango ukafunguliwa, kaka akaingia katoka msikitini, kofia kichwani, uso umefura. Najua alikuwa amekuja kunikumbusha kwamba hatutoki. Hakuwahi kusema.

"Shabani," mama akamwita. Jina lake kalipata bila shida. "Zuhura wangu yuko wapi?"

Sikumwelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa bibi.

Kaka akacheka, kacheka kweli, kwa raha ya mtu aliyepewa swali jepesi. "Mama, si huyu hapa? Zuhura huyu."

Mama akanigeukia. Akanitazama usoni, mikononi, mpaka miguuni.

"Huyu? Huyu ni yule mwanamke anayenivua nguo," akasema. "Ananimwagia maji ya baridi. Mimi namuulizia mwanangu."

"Mama, ndiye mwenyewe. Wallahi ndiye Zuhura."

"Usiniapie uongo!" Alimtazama kaka, akanitazama mimi, akamtazama kaka tena, na nikaona kitu kikimjia usoni, nakijua kile kitu, nimekiona kila asubuhi. "Mbona mnanionyesha mtu mwingine? Mmemfanya nini? Mnanificha." Mikono ikashika kanga, ikaanza kuifunga kiunoni. "Amekufa. Zuhura wangu amekufa, na hamkuniita."

Akateremka kitandani kuja chini, sakafuni, kunililia. Mimi nimekaa pale, hai, godoro moja naye.

Kaka alisimama mdomo wazi. Kweli yake aliisema, aliiapia, na tazama ilichozaa. Alinigeukia mimi. Sijawahi kuona kaka yangu ananitazama vile, ananiomba, na laiti ningekuwa mtu mbaya zaidi ya nilivyo ningemwacha asimame hapo hapo mpaka jua litue.

"Zuhura ametoka, mama," nikasema. "Anarudi."

Mikono ikasimama kwenye fundo.

"Kasema hivyo?"

"Kasema nikwambie. Ametoka kidogo, anarudi."

Kisha akaifungua ile kanga polepole, akajitanda kichwani, akapanda kitandani tena, mimi nimemshika kiwiko. "Ana mdomo, yule," akaniambia kwa siri, maana mimi ni mgeni. "Lakini ndiye ninayemtegemea. Hao wengine ni jina tu."

Kaka alisikia. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Alipofika mlangoni akasimama, akasema akiwa ametupa mgongo, "Leo Alhamisi. Mpeleke."

Nilikuwa nimeshinda. Nikamwambia mama twende nikamwogeshe, maji leo nitapasha moto, halafu tutoke, kuna meza na watu na miyaa, kuna Neema.

Mama akautoa mkono wangu kiwikoni kwake, kwa adabu tu, vile anavyomtoa mtu asiyemjua.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi sitoki mpaka Zuhura wangu arudi."

Nikakaa kando yake kitandani, tukamsubiri.